Kibao cha Jeneza cha Mtu Aliye Hai

Sura ya Saba

Kwa heshima zote anazostahili marehemu, Mzee Ambwene Mtafya hakuwa amekufa. Alikuwa mzima kule Ibaba, kijiji cha milimani Ileje, anakula, anakoroma na kugombana na wateja kwenye mashine yake ya kusaga. Lakini kibao cha jeneza lake kilikuwa tayari, na Jumamosi ile asubuhi kilikuwa juu ya meza ya polisi mjini Tunduma, kimelazwa kwenye gazeti, kikisubiri Sajini Marita Sichone amalize kukitazama.

Alikuwa ameanza kukitazama chai ikiwa ya moto. Sasa chai ilikuwa imeota ngozi.

"Konstebo, sogea uone," alisema.

"Naona vizuri kutoka hapa, afande."

"Upo nje ya mlango."

"Ndiyo, afande. Hapa pana mwanga."

Konstebo Enoka Kibona alikuwa mzaliwa wa Ileje. Serikali ilikuwa imempa bunduki, buti na kofia, ila haikumpa kitu chochote cha kumsaidia mbele ya kibao kile. Wala hakuwa peke yake. Ibaba nzima ilikuwa imekitazama kwa mbali.

Kilikuwa cha shaba ya njano, kipana kama viganja viwili, chembamba kuliko kucha. Katikati palikatwa jina la mzee, mwaka aliozaliwa na siku aliyofariki. Siku hiyo ilikuwa Jumatano ijayo. Kuzunguka jina yaliota majani ya msituni, yale yenye vijani vidogo vidogo pande zote kama manyoya, na kila kijani kilikuwa kimekatwa peke yake, kikashikiliwa na uzi wa shaba. Kwenye pembe ya juu buibui alikuwa amefuma utando. Uzi wa utando ule ulikuwa mwembamba kama unywele, na kwenye uzi mmoja lilining'inia tone la umande.

Marita alikiinua mbele ya dirisha. Jua likapita, na ukutani, juu ya picha ya kalenda, ukatokea utando mzima, majani yote na tone lake. Sajini alikigeuza taratibu, na utando ukatembea ukutani. Alikuwa amekaa kwenye upelelezi miaka mingi na hakuwahi kutamani kuvua kofia mbele ya kielelezo.

"Yesu wangu," alisema Enoka kutoka nje.

"Hapo tumekubaliana," alijibu Marita.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Alhamisi alfajiri kibao kilikutwa kimepigiliwa kwenye mlango wa Mzee Ambwene. Kabla ya chakula cha mchana kijiji kilikuwa kimeshatoa hukumu: hakuna mkono wa binadamu unaoweza kukata shaba namna ile, kwa hiyo ni uchawi. Na uchawi lazima uwe na mwenyewe. Mwenyewe akapatikana haraka: Bibi Tukuswiga, mjane wa kaka yake Ambwene, anayeishi peke yake kwenye kiwanja cha barabarani. Ijumaa walimtolea kitanda, godoro, kabati na kuku wake wote nje. Jumapili baada ya ibada kungekuwa na mkutano wa kumfukuza kijijini. Marita alikuwa amewaweka mgambo wawili wamlinde bibi, lakini mgambo wawili si ukuta.

Sadoki, mwenyekiti wa kijiji, alimwambia sajini waziwazi: "Afande, tuoneshe mkono wa mtu uliokata kitu hiki, na bibi tutamrudisha ndani sisi wenyewe. Ukishindwa, anahama Jumapili hiyohiyo. Watu wakimfanyia jambo baya zaidi, mimi sitaweza kuwazuia."

Marita alichukua lenzi na kuinama tena.

"Enoka, msumeno ukikata bati unaacha nini?"

"Meno, afande."

"Mkasi?"

"Unakunja ukingo."

"Patasi?"

"Inasukuma upande mmoja, upande wa pili panavimba."

"Hapa hakuna meno, hakuna kukunja, hakuna kuvimba. Lakini njoo utazame ukingo. Usiguse, utazame tu. Katikati ya unene wake pamebaki mstari mwembamba umetokeza. Unauona?"

Enoka aliingia hatua moja, akafumba jicho moja ili kupunguza hatari kwa nusu. "Nauona."

"Kuna kitu kimekula kutoka mbele na kutoka nyuma kwa wakati mmoja, vikakutana katikati."

"Kimekula," alirudia Enoka, na sauti yake ikapanda. "Afande, wewe mwenyewe umesema. Kimekula."

"Maji makali, Enoka. Bibi ana meno matatu."

*

Maji makali Tunduma si adimu, na mwenye nayo mengi aliyewahi kugombana na Mzee Ambwene alikuwa mmoja. Isaka wa Mkwajuni alinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo na kuisafisha kwa asidi. Mwezi uliopita alitaka kuchimba shimo la majaribio karibu na mashine ya Ambwene, wakatukanana mpaka kuku wakahama. Sasa alikuwa amepanga chumba nyuma ya gesti, karibu na foleni ya malori ya kuvukia Zambia.

Alifungua mlango, akampa Marita mkono. Vidole vyake vilikuwa vya njano kama vimechovywa kwenye binzari.

Enoka akamtazama sajini. Sajini akatazama vidole.

"Rangi hiyo haitoki?"

"Haitoki mpaka ngozi ibanduke yenyewe. Ni asidi, afande. Kazi yetu."

"Ulikuwa wapi Jumatano usiku?"

"Mkwajuni, msibani. Waulize watu wote pale, nilipika wali ukaungua, hawajanisamehe."

Marita akafunua kibao. Isaka aliinama, akapiga mluzi wa chinichini.

"Mnafikiri hiki ni changu?"

"Nafikiri una asidi na una hasira."

"Hasira ninayo." Alichukua kipande cha shaba kutoka kwenye kopo, akakiweka dirishani, akadondosha tone moja kwa kijiti cha kioo. Tone likachemka. Moshi wa kahawia ukapanda, wote watatu wakarudi nyuma, na shaba ikatoka jasho la kijani. Moshi ulipoisha palikuwa na tundu limechanika pembeni, kama panya amekatishwa chakula.

"Hiyo ndiyo yangu," alisema Isaka. "Inakula kama mbwa wa sokoni. Hata rangi ukiipaka kuzuia, inang'oa rangi na kuendelea. Aliyekula hiki kibao alikula taratibu, kama binti wa mchungaji kwenye sherehe. Halafu tazama." Ukucha wake wa njano ukagusa tundu la msumari. "Yangu inaacha kijani. Hapa kuna doa gani?"

Marita akaweka lenzi. Ndani ya kona ya tundu palikuwa na doa dogo la rangi ya kahawia nyekundu. Alilidhani uchafu wa mlangoni.

"Kutu," alisema.

"Umewahi kuona shaba ikiota kutu?"

Hakuwahi. Shaba haioti kutu, chuma ndicho kinachoota. Na misumari iliyotolewa mlangoni ilikuwa mipya, inang'aa, yeye mwenyewe aliing'oa. Basi chuma kililetwa na kitu kingine: kilikuwa ndani ya maji yaleyale yaliyokula shaba. Sajini Marita alisimama katikati ya chumba cha gesti na, kwa mara ya kwanza tangu amalize kidato cha nne, akaushukuru mtihani wa kemia, uliomuuliza dawa yenye chuma ambayo mafundi hulishia shaba ya saketi za redio.

"Enoka, nani mji huu anatengeneza saketi za redio?"

"Wengi wanakarabati, afande. Wa kutengeneza toka mwanzo ni mmoja tu, na anajua kwamba yuko mmoja tu."

*

Duka la fundi Sebastian lilikuwa na redio mbele, simu katikati, na nyuma kabisa, kwenye kitambaa cheusi, hereni. Hereni za shaba nyembamba: samaki, twiga, majani ya mgomba, ramani ya Afrika yenye mito yote. Akina mama wawili kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wanachagua.

"Ee mukwai, hiyo ya twiga inakupendeza, shingo zimefanana," Sebastian alimwambia mmoja kwa heshima ya Kibemba, na mama akacheka akaichukua.

Dirishani ilining'inia sufuria ya aluminiamu iliyotoboka chini, tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi.

Marita hakuuliza swali. Wauaji ukiwauliza kama wameua hukataa. Fundi ukimwonesha kazi yake nzuri, hawezi. Alifunua tu gazeti.

"Mtoto wangu!" Sebastian alipiga kelele, akavua kofia. "Nani amekutoboa misumari mikubwa hivi? Nilitoboa matundu madogo, ya misumari ya jeneza! Hawa watu wa mazishi hawana adabu."

"Umekata wewe?"

"Dada, usiseme kukata, unanidhalilisha. Sijakata kitu." Aliweka kofia kwenye redio kama mtu anayeanza kuhubiri. "Unachora kwenye kompyuta. Unachapisha kwenye karatasi inayong'aa, ile ya kalenda. Unailaza kwenye shaba, mbele na nyuma, michoro ikae uso kwa uso, ikipishana hata upana wa unywele umeharibu. Unapiga pasi. Unaloweka, karatasi inatoka, wino unabaki umeng'ang'ania shaba. Halafu unalaza kwenye dawa, unatikisa beseni kama unambembeleza mtoto. Penye wino dawa haigusi. Pasipo na wino, shaba inaondoka. Inaondoka, dada! Unatazama shaba inageuka maji, na kilichobaki ni kile ulichokiwaza. Mimi nimefanya miaka tisa na kila mara nywele zinasimama."

Alimimina dawa kidogo kwenye kopo la plastiki. Ilikuwa nzito, rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

"Na hiyo sufuria?"

"Tangazo hilo. Kila anayeingia lazima anisikilize: dawa hii ni ya chombo cha plastiki tu. Ukiiweka kwenye sufuria, inachemka yenyewe na kuitoboa. Hiyo ilikuwa ya mke wangu. Nililala dukani siku nne."

"Nani aliagiza kibao?"

Sebastian akakuna kichwa. "Mzee. Kofia ya baridi mpaka kwenye nyusi, barakoa, analia. Akasema ndugu yake amefariki. Nikamwambia, mzee, Jumatano hiyo bado haijafika. Akasema wewe andika. Mtu aliyefiwa huwezi kubishana naye. Aliketi hapo kwenye kigoda mpaka kikakamilika. Aliongea kama watu wa milimani, Ileje."

"Hiyo ni Ileje nzima," alisema Enoka. "Pamoja na mimi."

"Ukimwona utamtambua?"

"Dada, mimi nakumbuka kazi, sura hapana. Ila nichukue, twende."

Marita alifikiri. Akifika Ibaba na fundi kwenye gari, mtu wake angemwona fundi kabla fundi hajamwona yeye, na milima ile ina njia nyingi za kushukia Malawi.

"Wewe ubaki," alisema. "Niazime dawa, beseni, na kipande ambacho kimeshapigwa wino."

"Kuna jogoo. Wa kuning'iniza, ameagizwa Lusaka." Sebastian alimfunga kwenye kitambaa kwa huzuni. "Mtikise taratibu. Ana manyoya mengi."

*

Jumapili Ibaba iliamka na ukungu, na ibada ilipokwisha ukungu ulikuwa umepanda ukaacha jua kali la milimani. Watu walitoka kanisani moja kwa moja mpaka barabarani. Bibi Tukuswiga alikuwa ameketi juu ya kitanda chake kando ya barabara, amejifunga kitenge cha kwaya, kuku miguuni, anawasalimia wapita njia kwa majina yao, hasa wale wasiotaka kusalimiwa.

"Sajini," aliita. "Hujambo, mwanangu? Karibu sebuleni."

"Sijambo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wamekuambia nimekata shaba kwa meno?"

Mzee Ambwene alisimama mbele ya umati, koti la suti, uso wa mtu aliyebakiwa na siku tatu. Akina mama walimpa pole, naye alizipokea kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mwenyekiti," Marita alimwambia Sadoki kwa sauti ya kusikika, "mlisema mkioneshwa mkono wa mtu mtamrudisha bibi ndani."

"Tulisema. Na mimi sibadilishi."

"Basi naomba maji ya moto. Haya maji niliyonayo yanafanya kazi vizuri yakipata joto."

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Ambwene. Mke wake, Mama Dina, akaja na sufuria kubwa ya aluminiamu, mpya, inang'aa mpaka mawingu yalionekana ndani yake, maji yakitoa moshi. Marita akaweka beseni la plastiki kando yake. Akafungua galoni ya dawa. Umati ukasogea. Hakuna aliyejua kilichomo. Wangeweza kusema ni chai tu.

Sajini akainua galoni, akaipeleka taratibu juu ya sufuria, akaanza kuiinamisha.

"Siyo humo!" Mzee Ambwene aliruka mbele. "Afande, siyo kwenye sufuria, itatoboka!"

Galoni ikasimama.

"Asante, mzee wangu," Marita alisema kwa upole sana. Akamimina kwenye beseni, akaliacha beseni lielee juu ya maji ya moto. Umati haukushtuka. Enoka peke yake ndiye aliyeacha kupumua.

Kisha akamwonesha kila mtu aliyetaka kipande cha shaba, bamba bapa lenye mchoro mweusi, bila tundu hata moja. Sadoki alikishika. Mzee wa kanisa alikishika. Marita akakilaza kwenye dawa na kuanza kutikisa.

Mwanzoni hakuna kilichoonekana. Mtu akacheka. Ili wasikae bure, akina mama wa kwaya wakaanza wimbo, na wimbo ukaisha, wakaanza wa pili. Katikati ya wa pili Marita aliinua bamba kwa kibano. Ile njano iliyokuwa inang'aa sasa ilikuwa ya waridi, imezama. Akalirudisha. Kwenye wimbo wa tatu alilinyanyua tena, na palepale mbele ya macho yao jua likatokeza upande wa pili, tobo moja kama ncha ya sindano, halafu la pili, halafu kumi, kama nyota zinazowaka jioni. Kwaya ikakosa sauti ya pili, halafu ya kwanza, halafu ikanyamaza kabisa.

Hakuna aliyesogea. Shaba ilikuwa inaondoka bila kisu, bila moto, bila sauti. Marita mwenyewe alisahau kwa muda kwamba yuko kazini. Aliosha, akafuta wino kwa dawa ya kutoa rangi ya kucha, akamwinua jogoo juu.

Alikuwa na manyoya yote. Kila unyoya ulikuwa na mshipa wake, kila mshipa na vitawi vyake, na jicho lilikuwa tundu moja dogo lenye jua ndani. Kwenye ukuta wa nyumba ya bibi, kivuli chake kilisimama na kila unyoya wake.

"Mungu awe na sisi," alisema Sadoki, na safari hii hakumaanisha uchawi.

"Huu ndio mkono wa mtu," alisema Marita. "Wino, dawa na subira. Kibao cha Mzee Ambwene kilitengenezwa hivihivi na fundi wa Tunduma, mtu mwenye duka na mke. Aliyekiagiza alikuwa mzee wa huku milimani, aliyejifunika uso. Aliketi dukani akatazama, akaambiwa kitu ambacho kila anayeingia pale huambiwa." Akamgeukia Ambwene. "Mzee, ulijuaje kwamba itatoboa sufuria?"

"Kila mtu anajua," alisema Ambwene haraka. "Asidi inatoboa."

"Nani aliyesema asidi? Mimi nilisema maji. Mwenyekiti, ulidhani ni nini?"

"Chai," alikiri Sadoki.

"Chai inakaa kwenye sufuria, mzee."

Ambwene alifungua mdomo. Mke wake akamtangulia, mikono kiunoni.

"Uliniambia umekwenda Tunduma kununua beringi ya mashine!"

"Mama Dina, nyamaza."

"Ukarudi bila beringi! Ukaniambia zimeisha! Siku tatu nakulilia kwa sababu unakufa Jumatano!"

Kicheko kilianza nyuma, kwa vijana, kikasita, kwa sababu bibi alikuwa amesimama. Alikuja polepole mpaka kwenye boneti ya gari la polisi ambapo kibao kilikuwa kimelazwa. Yeye hakuwa amekiona bado; walimtoa nje kabla ya kumwonesha kosa lake. Alikitazama jani kwa jani, akafika kwenye buibui, akafika kwenye tone.

"Shemeji," alisema, "umejitengenezea kitu kizuri sana. Kaka yako ana msalaba wa ubao. Jina lake uliliandika wewe kwa mkaa, mvua ya kwanza ikalifuta. Kumbe ulijua duka lilipo."

Ambwene alitazama viatu vyake.

"Ulitaka kiwanja, ungeniomba," bibi akaongeza. "Ningekunyima, lakini ungeniomba."

Enoka alimshika mzee mkono, kwa adabu, akamwambia kwamba kumwita mtu mchawi ni kosa kisheria, na kumtengenezea ushahidi ni kosa juu ya kosa. Ambwene aliingia garini bila kusukumwa. Mama Dina alichukua sufuria yake, akaimwaga, akaikagua chini kwenye mwanga, akaenda nayo nyumbani.

Ikabaki barabara, umati na kitanda.

Sadoki alikohoa. Akavua koti la kanisani, akalikunja vizuri, akampa mtu alishike. "Tulisema tutamrudisha wenyewe," alisema bila kumtazama mtu. Wanaume wanne walewale wa Ijumaa wakatoka wakiwa wameinamisha vichwa, wakanyanyua kabati.

Bibi Tukuswiga alitangulia mlangoni, akasimama na fimbo.

"Upande wa dirishani," alisema.

Wakaliweka upande wa dirishani.

"Hapana, linakula mwanga. Kule kwenye kona."

"Bibi," alisema mmoja wao akihema, "tulipolitoa lilikuwa hapa katikati."

"Mlipolitoa mlikuwa na haraka. Leo hamna haraka. Kwenye kona."

Wakalinyanyua tena. Marita alimwambia dereva asiwashe gari kwanza, akaegemea mlango, akatazama kabati likipelekwa kwenye kona, kisha nyuma ya mlango, kisha likirudishwa dirishani.